Niibie, Mtani

Zena Pazi aliingia uwanjani amevaa koti la marehemu, kofia ya marehemu kaiinamisha upande kama marehemu mwenyewe, na anatembea kwa mwendo wa marehemu: goti la kushoto linagoma, kidole kinamnyooshea mbuzi wa jirani kwamba leo ndiyo mwisho wako. Alifika katikati ya uwanja, akajikuna mgongo kwenye nguzo ya turubai, akapiga chafya tatu za Mzee Msabila, zile zilizokuwa zinasikika mpaka barabarani.

Hakuna aliyecheka.

Hawakukasirika pia. Mtani hakasirikiwi, hiyo ni sheria ya tangu enzi. Walitabasamu. Uwanja mzima, watu wasiopungua mia, walimpa tabasamu moja la aina moja, kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Nyuma ya kila sikio palimeta kitaa cha kijani, kidogo kama punje ya mtama.

Shangazi Nyanzala, dada wa marehemu, ndiye aliyejikakamua kujibu, maana utani usipojibiwa ni aibu ya ukoo.

"We Msabila, si ulisema umekufa?"

"Nife vipi," Zena akajibu kwa sauti ya kukwaruza, "na nyie Wanyamwezi mizigo yangu hamjaifikisha? Toka Bagamoyo mmebeba, mpaka leo mko njiani!"

"Tuliitua tuliposikia Wazaramo mnapiga ngoma. Tukajua hapo hakuna mwenye haraka."

Ilikuwa nzuri. Miaka ya nyuma uwanja ungeangua kicheko, mjane angecheka na machozi yake shavuni, halafu angelia tena, halafu angecheka tena, na hivyo hivyo mpaka mtu anafika makaburini bila kujua amefikaje. Kazi ya mtani msibani ilikuwa hiyo: kuwakuta watu wako chini na kuwavuta juu. Lakini mtaa wote wa Isevya siku hizi ulikuwa unavaa shwari, hivyo vitaa vya kuzima hofu nyuma ya sikio, na hapakuwa na wa kuvuta. Zena aliivua kofia. Alijisikia kama mtu aliyekuja na ndoo kuzima moto akakuta watu wanaota jua.

Kalunde, binti wa marehemu, alikuwa amekaa mkekani na ungo wa mchele mapajani, anachambua. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mpima ubora kwenye kiwanda cha asali, mpole, nadhifu. Kila aliyekuja kumpa pole, Kalunde alimsimulia kifo chenyewe, na kila mmoja alimsimulia vilevile.

"Pole mwaya Kalunde."

"Asante. Ilikuwa mchana. Alisema kifua kinambana. Mimi nilikuwa namenya karanga. Nikamwambia, baba, kaa vizuri tu, utapumua. Akasema hapana mwanangu, hii siyo ya kukaa. Nikamwambia itapita. Nikamaliza karanga, nikatoka kwenda kuanika. Niliporudi alikuwa ameshakufa." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa pembeni. "Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, mama."

"Kunywa tena. Ipo nyingi."

Yule mgeni akaenda kunywa chai. Zena alibaki amesimama na kofia mkononi. Shwari yake mwenyewe ilikuwa kwenye tatu, kiwango cha kazi, kwa hiyo alichokisikia tumboni kilikuwa kitu kidogo tu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ya tatu. Lakini alijua ni nini. Yeye ndiye aliyekuwa mpimaji wa shwari wa mtaa huo. Wiki moja kabla, Kalunde alikuja kwenye kibanda chake akamwambia kuna wanunuzi wa asali wanakuja kutoka nje, atatakiwa asimame mbele yao aongee, na kwa nne yake ya kila siku ataanguka. Zena akampandisha hadi saba. Walipiga soga, wakacheka, ikachukua muda wa kunywa soda.

Shwari haina akili nyingi kama watu wanavyodhani. Inasikiliza moyo, pumzi na jasho, na vikianza kukimbia inatuma mitetemo midogo kwenye mshipa wa fahamu unaoshuka shingoni kwenda kifuani, na kile kipande cha ubongo kinachopiga kengele ya hatari kinaambiwa: tumesikia, nyamaza. Basi. Kengele ni ile ile moja. Haijui kama inalia kwa sababu umesimama mbele ya wanunuzi wa asali, au kwa sababu baba yako amekaa kwenye kiti anakuangalia midomo imebadilika rangi. Kwenye nne bado inasikika. Kwenye saba ni habari ya watu wengine.

Mambo hayo yote Zena alifundishwa. Alikuwa anatakiwa amuulize mteja kabla ya kumpandisha: unaishi na nani? Kuna mgonjwa nyumbani, kuna mtoto mchanga? Hakumuuliza. Alimjua Kalunde. Nani anamuuliza mtu anayemjua anaishi na nani?

Na taarifa ya kifo ilipofika kituoni, Zena akampandisha Kalunde tena, mpaka tisa, kama kila mfiwa aliyekuwa nyumbani kifo kilipotokea. Kiwango cha msiba. Kinafungwa mpaka matanga yaishe, na mpimaji haruhusiwi kukigusa bila idhini ya ndugu.

*

"Zena, njoo unisaidie kugeuza ubwabwa," Kalunde alimwita.

Nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, palikuwa na masufuria matatu makubwa na moshi wa kutosha kuwafukuza wengine wote. Kalunde hakugusa mwiko.

"Nataka unishushe."

"Siwezi. Umefungwa."

"Najua. Nisikilize basi. Mimi nakumbuka nilivyokuwa naogopa zamani. Nakumbuka kama unavyokumbuka jina la mwalimu wako wa darasa la pili, jina lipo, sura haipo. Na toka juzi najua kabisa kuna kitu natakiwa nikisikie hapa." Akajigonga kifua kwa kidole, taratibu, kama anabisha hodi kwa jirani. "Nagonga, hakijibu. Saa kumi baba anazikwa. Nitamzika hivi hivi, kama natuma mzigo."

"Kamwombe mdogo wako idhini."

"Mgalula hatakubali. Ndiyo maana simwombi mpimaji." Akatabasamu lile tabasamu la kitambulisho. "Namwomba mtani. Mtani msibani anachukua anachotaka, si ndiyo? Anaficha majembe ya kaburi, anakalia jeneza, anakamata kofia ya padri, na hakuna wa kumfanya kitu mpaka mali ikombolewe. Sasa mimi nina mali hapa sikioni. Niibie."

Zena alicheka. Halafu akaona mwenzake hatanii.

"Unajua kikitoka ghafla kutoka tisa kinakuja nini?"

"Kinakuja chote."

"Na kikija ukanililia nikurudishie?"

"Usinirudishie."

"Hata ukisema unakufa?"

"Nitasema hivyo. Huwa nasema hivyo kila mara, na sijawahi kufa."

Alisema kwa upole mkubwa, huku anamfukuza kuku asiingie kwenye mchele, na hapo ndipo Zena aliponasa. Huyu mwanamke angekubali kitu chochote. Ungemwambia tukushushe kisimani angeuliza kamba iko wapi. Kumuuliza mtu aliye kwenye tisa kama yuko tayari kuogopa ni sawa na kumuuliza mtu aliyetoka kula daku kama ataweza kufunga Ramadhani nzima. Atasema ndiyo, na atakuwa mkweli, na hajui anachokisema.

"Ngoja nifikirie," Zena akasema.

"Fikiria. Ila ubwabwa unaungua."

*

Alikwenda kufikiria bafuni, lile la bati lililokuwa nyuma ya choo, kwa sababu ndipo mahali pekee pasipokuwa na ndugu. Akaweka ndoo chini akaikalia. Na kwa vile alikuwa mtu wa kuchokonoa mambo, likamjia wazo la kuchokonoa: Kalunde anaamua akiwa kwenye tisa. Na mimi? Mimi naamua nikiwa kwenye tatu. Mpimaji akiwa ametulizwa, anapima nini?

Kidoleni alikuwa na pete ya sumaku, ufunguo wa kazi. Akaipeleka nyuma ya sikio lake mwenyewe. Tk.

Mwanzo hakuona tofauti. Akasikia maji yanadondoka, sauti za watu, mbuzi. Halafu hofu ikafika. Vitu vyote alivyovijua asubuhi kwa utulivu vikaja mbio kwa pamoja na kila kimoja kinataka kuingia wa kwanza. Utafukuzwa kazi. Moyo wake ukisimama je? Wewe ndiye uliyempandisha. Mzee amekufa kwa mkono wako, na umevaa koti lake.

Alilivua lile koti haraka kama lina siafu.

Alichoka, na alichukia. Lakini aligundua jambo. Ile hofu haikuwa inampigia kelele tu. Ilikuwa inamuuliza maswali, na maswali yenyewe hayakuwa ya kijinga. Moyo wa Kalunde ulipimwa lini? Mwezi uliopita, mzima kabisa. Kipimo alikiona kwa macho yake. Je, akianguka? Basi awe amekaa chini. Je, akivuliwa shwari makaburini, katikati ya watu na mashimo? Hapana, iwe hapa nyumbani, kivulini, maji pembeni. Je, nitaweza kumwacha akilia? Hilo aliliacha bafuni. Alinawa uso kwa maji ya bomba, akatoka akaenda kwanza kwa njia ya halali.

Mgalula, mdogo wake Kalunde, fundi wa malori, alikuwa anafunga kamba za turubai. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatisha. Halafu akasema, "Hapana, da Zena."

"Ni baba yake, Mgalula."

"Ni baba yangu pia. Wewe umehamia hapa shwari zimeshaingia, hukumwona dada alivyokuwa. Alipatwa na hofu sokoni, kwenye foleni ya sukari. Akaona moyo unapasuka. Tukamkimbiza hospitali, moyo hauna kitu. Kesho yake tena. Ikafika akawa haogopi soko wala foleni, anaogopa kuogopa. Akajifungia ndani. Mimi nimemlisha mkubwa wangu uji kwa kijiko kupitia dirishani, unajua hilo?"

"Sikujua."

"Mzee ndiye aliyemtoa. Mzee huyo huyo, hata shwari hakuwahi kuvaa, alikuwa anasema ataizoea jeneza likishafungwa. Alikuwa anakaa naye mlangoni. Siku nyingine wanafika kwenye kamba ya nguo, wanasimama hapo anatetemeka mpaka inamwachia, wanarudi. Wiki nyingine getini. Alikuwa anafika, sikatai, lakini kwa mwendo wa konokono. Halafu shwari ikaja, na wiki haijaisha akapanda basi peke yake mpaka Nzega. Mzee alilia kwa furaha. Leo unataka umrudishe kule chumbani?"

"Alikuwa anakufa mbele yake, Mgalula, na yeye—"

"Najua!" Kamba ilimponyoka. Akaiokota, akapunguza sauti. "Najua ilivyokuwa. Nimemsikia anavyosimulia, anasimulia kama bei ya nyanya. Mimi niko kwenye nne, nalisikia, na naweza kulibeba. Yeye analijua kwa kichwa. Kwa nini unataka alijue kwa tumbo?"

Zena alikuwa na hofu tu. Hofu ikamletea la kumwambia.

"Matanga yakiisha atashushwa tu. Siku hiyo wewe uko gereji, shangazi amesharudi Urambo, mimi niko kazini. Litamkuta yuko peke yake na hizo karanga."

"Basi asishushwe."

"Abaki kwenye tisa?"

"Abaki."

"Mpaka lini?"

Mgalula alivuta fundo kwa meno, akalitema. "Haimuumi," alisema.

*

Jeneza lilitolewa likawekwa kwenye meza chini ya turubai. Zena alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akaweka jagi la maji, akamwita Kalunde akae. Nyuma ya sikio la Zena hapakuwa na kitaa.

"Umezima yako," Kalunde akasema, kama mtu anayekwambia umekata nywele.

"Nimezima."

"Ikoje?"

"Mbaya sana."

"Bado utaniibia?"

Zena alimwangalia shangazi, akamwangalia Mgalula aliyekuwa anapanga viti, akamwangalia huyu mwenye uso laini kama sahani. Akajiambia: akibaki hivi, hakuna atakayeuliza tena mpaka lini. Akapeleka mkono wenye pete nyuma ya sikio la Kalunde. Tk.

Halafu akaruka juu, akaiinua shwari ya Kalunde juu ya kichwa, kwa sababu kama ni wizi wa utani lazima utangazwe.

"Nimekamata mali ya Wanyamwezi! Hakitoki kitu hapa bila jogoo! Na jogoo mwenyewe awe mnene, sitaki hao wenu wanaokula moshi wa tumbaku!"

Hapo angalau watu walifurahi. Mambo ya kale hayo! Wakapiga makofi, mtu akapiga kigelegele, na Mgalula, ambaye hakuona ni mali gani iliyokamatwa, akacheka na yeye kwa mara ya kwanza siku hiyo na kwenda bandani kukimbiza jogoo.

Zena alikuwa ameshachuchumaa.

Kalunde alikuwa anaangalia vidole vyake. Alivifungua, akavifunga. Pumzi yake ikawa fupi, halafu fupi zaidi, kama mtu anayepanda ngazi zisizoonekana. Rangi ikamtoka midomoni.

"Zena. Moyo."

"Najua."

"Hii siyo kama zile. Hii ndiyo yenyewe."

"Kila moja huwa ndiyo yenyewe. Nishike."

"Nakufa. Zena... Mungu wangu, nakufa, hapa, mbele za watu..."

Watu wakacheka. Walidhani anaigiza, mtu akiibiwa na mtani huwa anajifanya anazirai, ni sehemu ya mchezo. "Anaweza huyo!" mmoja akasema. "Mzaramo umempata!"

Zena hakumwambia tulia. Neno hilo halijawahi kumtuliza mtu toka dunia iumbwe. Alimwambia, "Usilifukuze. Liache lipande. Litafika juu halafu litashuka, lenyewe halina pa kwenda kwingine. Toa pumzi ndefu, puliza kama unapoza uji. Ndefu kuliko uliyovuta. Hivyo. Miguu yako iko wapi? Ikandamize chini. Niambie unaona nini."

"Naona... mkeka. Jagi. Naona..." Macho yakafika kwenye meza chini ya turubai. Akatoa sauti ambayo uwanja huo haukuwa umeisikia kwa miaka. "Zena, nirudishie."

"Ulisema nisikurudishie."

"Nirudishie!"

"Kalunde, ulisema hata uki—"

"Yule hakuwa mimi!" Alimkamata kanga akamvuta mpaka pua zikagusana. "Yule uliyeongea naye jikoni asingejali hata mngemzika yeye! Mimi ndiye mimi! Mimi, nakuomba, nakuomba dada yangu, niwekee!"

Na alikuwa anasema kweli. Ndicho kilichomuumiza Zena: alikuwa anasema kweli, na yule wa jikoni naye alisema kweli. Mmoja aliamua bila kuogopa hata kidogo. Mwingine alikuwa anaamua hana kitu kingine isipokuwa hofu. Amsikilize nani? Na hofu yake mwenyewe ilikuwa inampigia kelele, mrudishie, mrudishie, yaishe.

Kivuli kikawaangukia. Mgalula alikuwa amesimama na jogoo kwapani, bado ana mabaki ya kicheko mdomoni. Aliona sikio la dada yake halina taa. Kicheko kikaisha.

"Umefanya nini?"

"Mgalula, subiri kidogo, iko karibu kufika juu—"

"Jogoo huyu hapa." Akamtupa mapajani mwa Zena, mabawa yakapiga jagi, maji yakamwagika mkekani. "Nimekomboa. Utani una sheria zake, Mzaramo. Mali ikikombolewa inarudi. Rudisha."

Uwanja ulikuwa umenyamaza. Si kwa hofu, hawakuwa nayo. Walikuwa wanangoja mchezo uendelee.

Zena alikitazama kidude kilichokuwa kwenye kiganja chake. Akikifunga sikioni kwa pete, atakuwa amemwamulia Kalunde mara ya tatu: saba, tisa, na hii. Akikificha, atakuwa amemwamulia pia. Akaukunjua mkono wa Kalunde, mkono wenye vidole vilivyokakamaa, akamwekea humo.

"Imerudi," alisema. "Mimi siifungi. Ukiibonyeza nyuma ya sikio itafanya kazi, ukiachia itaacha. Huna haja ya mimi wala pete yangu."

Kalunde hakusubiri amalize. Alibonyeza.

Ilikuwa kama mtu amepitisha pasi usoni pake. Mikunjo ikaondoka, mabega yakashuka, pumzi ikakaa sawa. Shangazi Nyanzala akashusha pumzi, "Haya, sasa." Mgalula akapiga magoti mkekani kwenye maji.

"Dada. Uko salama?"

"Niko salama. Umemwaga maji, mdogo wangu." Kalunde akakunja uso kidogo, kama anayetafuta miwani. "Nilikuwa karibu kusema kitu. Kumhusu baba. Kilikuwa hapa, mdomoni kabisa."

"Kitu gani?"

"Kimeondoka." Alifikiri. "Kilikuwa kikubwa."

Jogoo alikuwa ameshakimbilia chini ya meza ya jeneza. Kalunde alimfuata kwa macho, akaliangalia jeneza, akaliangalia kwa muda mrefu sana, kwa ule utulivu wake wa kutisha. Halafu, polepole, akautoa mkono sikioni.

Mgalula alitaka kumzuia. Zena alimshika mkono.

Ilirudi. Safari hii walioona walijua kwamba si maigizo, maana waliuona uso ukiwa hivi na sasa uko vile. Kalunde alijikunja mpaka paji la uso likagusa mkeka uliolowa, akapuliza, akapuliza, akikandamiza miguu chini, na sauti ikatokea huko huko chini.

"Alinishika mkono."

"Nani, dada?"

"Baba. Kabla sijaenda kuanika. Alinishika mkono akauminya. Nikautoa, nikamwambia mkono una mafuta ya karanga, utachafua shati." Alinyanyua uso. "Alikuwa anaogopa, Mgalula. Sikujua kama ni hofu. Nimekaa naye pale, pua na mdomo, na baba yangu anaogopa peke yake."

Taa ya kijani nyuma ya sikio la Mgalula ilikuwa inawaka haraka haraka, inafanya kazi kwa nguvu zake zote.

Kalunde akamgeukia Zena. Kamasi zilikuwa zinamtoka, lakini macho yalikuwa yamemkazia.

"Na wewe. Siku ile uliponipandisha. Hukuniuliza naishi na nani."

"Sikukuuliza," Zena akasema.

"Kalunde, mwanangu," shangazi akaingilia, kwa mazoea, "mtani hakasirikiwi."

"Sijasema nimemkasirikia mtani."

Zena alikuwa na maneno mengi ya kuchekesha, hayo hayakuwahi kumwishia maishani, na aliyaacha yote yakae. Hofu yake ilimwambia asimame aondoke. Alikaa.

Waliokuwa wa kubeba wakaja, wakaingiza mabega chini ya jeneza. Mgalula akauliza, kwa sauti ya mtoto, "Dada, sasa tufanyeje? Nimwambie aifunge?"

"Sijui."

"Utaweza kutembea?"

"Sijui, Mgalula! Niinue kwanza."

Wakamwinua, huku mmoja, kule mmoja. Alifika kwenye kona ya turubai akasimama. Alifika getini, akaona barabara na watu walivyopangana kandokando na yale matabasamu yao, akarudi nyuma hatua moja. Alipeleka mkono sikioni. Akabonyeza. Akavuka geti kwa hatua safi, mgongo umenyooka, kama mtu anayekwenda benki. Walipofika barabarani aliachia, na kilio kikatoka, kilio cha zamani, cha kuita jina la mtu kana kwamba atageuka. Watu wa kandokando waliangaliana. Hawakujua wafanye nini na nyuso zao.

Aliyumba. Akabonyeza. Kilio kikakatika kama redio iliyochomolewa. Akatembea. Akaachia.

Wakaenda hivyo mpaka makaburini, jeneza mbele, Kalunde nyuma yake katikati ya Mgalula na Zena, mkono sikioni, anabonyeza na kuachia, anabonyeza na kuachia, sauti inapotea na kurudi, na kila iliporudi ilidumu kidogo zaidi kuliko mara iliyopita.